Mfuko Chini ya Jabali la Nyani

Jumatano, 27 Septemba 2017. Johannesburg.

Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka ndani ya sufuria. Mawingu yapo, mvua hakuna. Ni ule ukame wa kabla ya mvua za kwanza, midomo inapasuka na kila mtu mjini anagombana na mwenzake bila sababu. Mkono wangu wa kushoto umefungwa bandeji, kwa hiyo cherehani imepumzika na mimi naandika kwa kidole kimoja kwenye simu.

Sina amani.

Tumeshuka mlimani tangu juzi, lakini wapiga debe wa stendi ya teksi wakipaza sauti kule chini nashtuka, nadhani ni yule nyani dume. Najua ni ujinga. Nimeamua kuandika ili nijue ninachokiogopa ni nini hasa, maana tangu leo mchana nahisi si nyani tena.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi cherehani, mtu wa Lushoto, na ninasali na Wakongo katika kanisa lililo ghorofani kwenye jengo kuukuu hapa mjini, mahali palipokuwa zamani ghala la viatu. Nilikwenda pale kwa sababu ya Kiswahili. Nikabaki kwa sababu ya Mama Furaha.

Mama Furaha ni mtu mzima wa Bukavu, anauza dagaa na samaki wakavu. Nilipofika mji huu sina mtu, yeye ndiye aliyenipa godoro na kunionyesha kona za kukwepa. Ananiita Mama Tanzania ingawa sina mtoto, na kila nikifungua mdomo ananicheka kwamba Kiswahili changu ni cha Biblia. Nampenda. Nisingependa kuliandika hilo kwa haraka, lakini ndilo linalonifanya niandike yote haya.

Kila mwaka ambao sikukuu ya taifa ya Septemba inakutana na mwisho wa wiki, akina mama wa kanisa hupanda mlimani kufunga na kuomba. Teksi, ndiyo daladala ya huku, inatufikisha kwenye lango la shamba la watu, kisha ni miguu, mizigo mgongoni na kichwani, hadi mahali ambapo gari haliwezi kufika. Chakula tunafunga, maji tunakunywa. Na kuna desturi moja ambayo sijaiona kwa watu wengine. Chakula cha kufungulia kinatiwa chote katika mfuko mmoja. Kila mtu anatia alichokuja nacho, hakuna anayetaja mchango wake, halafu Mama Pasta anaufunga mfuko kwa kitambaa chake cheupe cha kichwani, anauombea, na haufunguliwi tena mpaka saa ya kufungulia ifike. Ukibakisha hata karanga kwenye mkoba wako, mfungo wako umeharibika kabla haujaanza. Ni desturi nzuri. Nimeona ikiwakalisha pamoja watu ambao wiki nzima hawasalimiani.

Mama Pasta ni mke wa mchungaji wetu, mwanamke mrefu wa Uvira mwenye sauti nzito, anayeamini kwamba kila jambo lina utaratibu na utaratibu huo anao yeye.

Mwaka huu nilipewa mimi kuulinda mfuko. Mdomo huponza kichwa. Ndani ya teksi nilikuwa nimejigamba kwamba nimekulia shambani nikilinda mahindi dhidi ya nyani, kwamba nyani nawajua kwa majina. Basi tulipofika juu Jumamosi, Mama Pasta akanikabidhi mfuko mbele ya wote, akina mama wakapiga vigelegele.

Mlinzi wa lango alikuwa ametuonya. Mzee wa watu alitazama mizigo yetu, akasema, "Eish, bo-mama," akaonyesha mlima. Nyasi zote zilikuwa zimeungua, nyeusi hadi juu. Nilielewa bila kutafsiriwa. Mlima ukiungua mwisho wa ukame, nyani hawana cha kuchimba wala cha kuchuma.

Lakini kilichonikosesha raha zaidi ni mahali penyewe. Tulipiga mahema chini ya jabali refu, kwenye mwamba tambarare uliong'aa. Wenzangu waliusifu mwamba kwa kung'aa. Mimi niliona mistari myeupe ikishuka kwenye jabali, nikasikia harufu ya mkojo, nikaona kinyesi kikavu kimejaa katika nyufa. Ule mwamba ulikuwa umelainishwa na makalio. Tulikuwa tumepiga kambi kwenye ukumbi wa nyani, chini ya kitanda chao.

Nikamwambia Mama Pasta. Akanijibu kwamba ni mahali hapohapo walipopokea miujiza mwaka jana, na kwamba mlinzi wa mfuko akianza na hofu, mfuko umeshaliwa.

Jioni hiyo walirudi. Hawakupiga kelele. Walipita mmojammoja ukingoni juu yetu, mama na watoto mgongoni, wakakaa, wakatutazama tukiimba.

Walioanza kutushambulia hata hivyo si nyani. Nililala nimeukumbatia mfuko ndani ya hema, na alfajiri ya Jumapili nikakuta tundu kwenye pembe yake, dogo, safi. Panya wa porini, wale wenye mistari mgongoni. Panya huuma huku akipuliza, sikuhisi kitu, na mkono wangu ulikuwa juu ya mfuko. Karanga zilikuwa zimemwagika, na maganda yamejaa kwenye blanketi langu.

Nikaomba ruhusa tufungue mfuko, tuhamishie chakula ndani ya sufuria kubwa, tufunge kifuniko kwa kamba na kuweka mawe juu. Mama Pasta akakataa. Mfuko haufunguliwi. Nifanye nitakavyofanya, lakini kitambaa chake kisiguswe. Mfuko mzima haukuingia kwenye sufuria, nilijaribu.

Basi nikautundika. Palikuwa na mti mmoja uliopona moto, nikapitisha kamba juu ya tawi, nikaukata mfuniko wa ndoo na kuuvisha kwenye kamba, kama tunavyoweka bati kwenye miguu ya ghala nyumbani ili panya asipande. Kwa panya nilishinda. Kwa nyani nilikuwa nimetundika bango la hoteli.

Mchana kutwa nilikaa chini ya ule mti na mawe mapajani. Dume mmoja mkubwa aliteremka akakaa mbali kidogo, ananipa mgongo, akijikuna, kama mtu anayengoja teksi. Nikirusha jiwe, anasogea kidogo. Nikikaa, naye anakaa. Kila akirudi alikuwa karibu zaidi kuliko mwanzo.

Kwetu kila mtoto anajua kwamba nyani hamwogopi mwanamke. Atamwona mama na kanga yake, atabaki palepale avunje hindi jingine huku akimtazama usoni. Akitokea mwanamume, hata kijana mwembamba asiye na fimbo, kundi zima linatimka. Bibi yangu alipokwenda kulinda alikuwa akivaa suruali na koti la babu, na kofia, na kutembea kwa kutanua miguu. Wanaume walimcheka lakini mahindi yake yalivunwa na yeye mwenyewe.

Nikawasimulia akina mama jioni ile. Walicheka hadi machozi, Mama Furaha akaigiza mwendo wa bibi yangu ambaye hajawahi kumwona, akaupatia kabisa. Nikasema sitanii, mmoja wetu angetafuta suruali. Kicheko kikakatika. Katika kanisa letu mwanamke havai suruali, na wote wakamtazama Mama Pasta.

"Hapa hakuna mwanamuke atavaa pantalo," alisema. "Ju ya nyama ya pori? Hapana, mama." Kwao nyama ni mnyama.

Nikarudi kwenye mfuko wangu. Ni mama yetu, na mimi ni mgeni kwake mara mbili, kwa nchi na kwa kanisa.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kufungulia, saa sita mchana. Asubuhi nilikuwa mahali pangu chini ya mti. Niliona kundi halikuondoka kwenda kutafuta chakula kama siku iliyotangulia. Walikaa tu jabalini. Nadhani nao walikuwa wakingoja saa sita.

Kisha nikasikia vigelegele kutoka kwenye duara la maombi.

Mama Furaha alikuwa katikati, amepiga magoti, anatetemeka. Mikono ilikuwa inacheza, maneno yanatoka nusunusu. Wenzangu walikuwa wamemzunguka wakipiga makofi, na Mama Pasta alikuwa akiita kwa nguvu, "Bamama, mushangilie! Nguvu ya Mungu njo inamushukia!" Wimbo ukapanda. Na kweli ilifanana na furaha, ukiwa mbali.

Sikujua nifanye nini. Nikiondoka pale, mfuko hauna mtu. Nikibaki, kuna kitu usoni mwake ambacho sikukipenda. Nikaondoka.

Alikuwa amelowa. Jasho baridi, shingo na kifua, asubuhi yenye upepo. Macho yalinitazama yasinione. Nikamshika mashavu, nikamwita. Alitafuta maneno muda mrefu, halafu akasema, "Jus yangu. Iko mu sac."

Hapo ndipo nilipojua. Mama Furaha ana ugonjwa wa sukari. Kwenye mkoba wake wa kiunoni nilikuta kikaratasi cha vidonge, na vilivyokuwa vimetolewa vilikuwa vya siku hizo za mlimani. Alikuwa anameza dawa ya kushusha sukari kila asubuhi kwa maji matupu. Hakumwambia mtu, kwa sababu angezuiwa kupanda. Na jus na peremende, vile ambavyo aliambiwa asitoke nyumbani bila kuwa navyo, alivitia kwenye mfuko wa wote na kuviacha vifungwe kwa kitambaa, kwa sababu hiyo ndiyo sheria na yeye si mtu wa kuficha hata karanga.

Nikageuka kuelekea mtini.

Dume alikuwa ameketi juu ya mwamba, na mfuko uko katikati ya miguu yake.

Tulikwenda wote, tukipiga mayowe, tukirusha mawe na viatu. Hakusimama. Alitutazama tulivyo, mstari mzima wa vitenge, akachana pembe ile ya panya kwa meno, taratibu, akaanza kula. Wengine wakaanza kuteremka jabalini. Mtu aliyekuwa nyuma yangu alianza kulia. Nikasema kwa sauti, kwa mara ya kwanza, kwamba Mama Furaha hajashukiwa na Roho, anakufa kwa kukosa sukari, na sukari iko pale.

Mama Pasta alinitazama. Kisha akatazama kule alikokuwa amelazwa Mama Furaha.

Akafungua sketi yake, ikaanguka chini. Ndani alikuwa amevaa suruali ya mazoezi ya mchungaji, ile ya buluu yenye mistari, ameikunja magotini. Kumbe alikuwa anayo tangu Jumamosi, kwa ajili ya baridi. Kuna msemo wa nyani na kundu lake, na katika saa nyingine yoyote ningeufikiria na kucheka. Hakuna aliyecheka. Aliikunjua hadi kwenye vifundo, akachukua koti la mumewe alilokuwa akijifunikia, akavaa, akafunika nywele kwa kofia ya sweta ya mtu, akashika mwiko wa kusongea fufu. Akatanua miguu kama alivyofanya Mama Furaha jioni iliyotangulia, akaenda.

Na aliita. Sauti ile ya mchungaji ya kutoa mapepo, ya chini kabisa, sikujua kwamba anayo.

Dume akasimama. Walioteremka wakarudi juu kwa haraka. Yeye hakukimbia. Alifungua kinywa akatuonyesha meno yake yote, kisha akageuka akaondoka akiburuta mfuko, na mfuko ukanasa kwenye kisiki kilichoungua, ukapasuka, vitu vikamwagika. Nilikimbia mimi. Paketi ya jus niliikuta imeshang'atwa, imenyonywa, tupu. Peremende sikuziona. Kulikuwa na nyani mdogo ameshika pakiti ya sukari ya chai, nami nikaishika upande wa pili, na hapo ndipo mkono wangu ulipochanwa, kwa kucha au kwa jiwe, sijui. Pakiti ikapasuka juu ya mwamba.

Nilizoa sukari ile kwa kiganja, na majivu, na mchanga, na mavi ya panya kwa ninavyojua. Nikarudi nikampaka ndani ya mashavu yake, kwenye ufizi, kidogo kidogo, huku Mama Pasta amemlaza ubavu na ameshika kichwa chake kwenye ile suruali. Hakuna aliyeimba. Nikapaka tena. Nilidhani nimechelewa, nilisema hivyo kwa sauti.

Baadaye akakunja uso, akatema.

"Mama Tanzania," alisema, "unanilisha muchanga?"

Tulimshusha kwa kitenge, wanne wanne kwa zamu, na mlinzi wa lango akatupeleka hospitali kwa gari la shamba. Walimtundikia maji ya sukari na kumlaza. Jana asubuhi aliruhusiwa. Kiingereza chake ni kidogo, kwa hiyo mimi ndiye niliyemtafsiria daktari: dawa ilikushusha sukari kwa sababu hukula, mama. Kula kwanza, halafu meza, na usiache kumeza hata siku moja. Alitikisa kichwa kukubali, akanishika mkono usio na jeraha kwa mikono yake miwili. Nilitoka pale nimeshiba amani.

Leo mchana akina mama walikwenda kwake kushukuru, nami nikaenda. Palikuwa na soda, maandazi, nyimbo. Mama Pasta hakuwepo, walisema ana homa. Mama Furaha alisimama kutoa ushuhuda, amevaa kitenge kipya, amependeza. Alisema Mungu alimpandisha mlimani ili amwonyeshe adui yake. Daktari mwenyewe amekiri, mimi nikitafsiri.

"Ile dawa njo ilitaka kuniua," alisema. "Nimeitupa yote."

Wakasema amina. Chumba kizima.

Nami nilisema.

Sijui kwa nini. Nilikuwa na maneno mdomoni na yote yalikuwa sahihi. Alinitazama mimi wakati anatoa ushuhuda, kwa shukrani, kama shahidi wake, na mimi sikuweza kumvunjia furaha mbele za watu. Nikajiambia nitamwambia baadaye tukiwa wawili. Nikala andazi langu, nikarudi nyumbani nikapika, vumbi likaingia sufuriani, nikakaa kuandika kuhusu nyani.

Simu imelia hapa katikati ya sentensi. Ni ujumbe wake.

"Mama Tanzania, leo niko na kiu mingi. Ninakunywa mayi, ninakunywa, haiishi. Ni ju ya hii mupepo."

Si upepo. Mama yangu mkubwa kule Lushoto alianza na kiu hiyohiyo, nasi tukasema ni joto, tukamletea mtungi. Sukari ikipanda mwili unaomba maji bila kukoma. Mama Furaha hajameza kidonge tangu jana, na leo tumemnywesha soda huku tukimwimbia.

Watu husema usiku ukipita, asubuhi italeta yake. Sitaingoja. Napita kwanza kwa Mama Pasta, homa au si homa, nimtoe kitandani, maana Mama Furaha atamsikia yeye kabla ya daktari na kabla yangu. Akikataa kuja, nitakwenda peke yangu, nitasimama mlangoni nitasema kwamba amina ile naiondoa.

Nimeshavaa kiatu kimoja. Cha pili kinanishinda kufunga kamba kwa mkono mmoja, na sasa Mama Furaha anapiga simu, na nikipokea sisikii sauti, nasikia anakunywa.